Tumbo la Magadi

Swali lilitoka Mtongwe, Likoni, mjini Mombasa, na lilikuwa swali la mtu mwenye pipa uani. Ikiwa kule Kibaha, Tanzania, kuna kiwanda kinachozalisha bakteria wa kuangamiza mbu, na ikiwa bakteria hao hutiwa ndani ya maji, je, atakayechota kikombe katika maji hayo akanywa atasalimika vipi? Kiumbe kinachoua ndani ya pipa kitashindwaje kuua ndani ya tumbo?

Jibu fupi ni kwamba kitashindwa, tena kwa sababu ile ile inayokiwezesha kuua. Jibu refu linapitia jangwani, likatokea kwenye yadi za makontena za Changamwe, kisha likaingia katika utumbo wa mdudu wa urefu wa kama punje ya mchele.

Tuanze na pipa. Mombasa hunywa maji ya ugenini: ya chemchemi za Mzima huko Tsavo, yaliyoanza kuja kwa bomba 1957, ya visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, ya Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yakifika Likoni, Kisauni na Changamwe hufika kwa zamu, na kwa kuwa zamu yenyewe haitabiriki, kila nyumba hujiwekea akiba: pipa la plastiki mlangoni, mitungi iliyoletwa na mkokoteni, ndoo, sufuria iliyofunikwa kwa sinia. Mbu anayeitwa Aedes aegypti, yule mweusi mwenye pete nyeupe miguuni, anayeuma mchana mtu akiwa macho, hana haja ya mtaro wala kinamasi. Anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo, na vyombo anavyo.

Mwaka 2004 ugonjwa wa chikungunya ulipoivamia Lamu, uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba watu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa, na ulikuwa wakati wa ukame mkali, si wa mvua nyingi. Watafiti walioufuatilia mlipuko huo waliunyoshea kidole ukame wenyewe: maji yalipoadimika, watu waliyaweka ndani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha. Mwaka huo huo ugonjwa ukashuka Mombasa. Ulirudi tena katikati ya Desemba 2017, na kufikia tarehe 3 Februari 2018 wagonjwa 453 walikuwa wameripotiwa mjini, Likoni, Kisauni na Changamwe zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika. Katikati ya milipuko hiyo miwili kulikuwa na dengi: Mei 2013, huko Tudor, kisiwani, damu ilipopimwa nyumba kwa nyumba ilibainika kuwa takriban asilimia 13 ya watu walikuwa wameambukizwa karibuni.

Magonjwa yote mawili ni ya kwetu hata kwa majina. Chikungunya ni neno la Kimakonde, lililookotwa katika mlipuko wa 1952 hadi 1953 wilayani Newala, likimsema mgonjwa aliyekunjwa na maumivu ya viungo. Nalo jina la dengi, kwa maelezo ya wengi, ni kidingapopo cha Waswahili kilichosafiri ng'ambo kikarudi na pasipoti mpya. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa 1870, ndiye aliyeliandika jina hilo likasomwa ulimwenguni.

Kiwanda cha Kibaha kilizinduliwa 2015 kwa ushirikiano wa Shirika la Maendeleo la Taifa la Tanzania na kampuni ya Labiofam ya Cuba. Juni 2017 Rais John Magufuli alikitembelea akaziagiza halmashauri zinunue bidhaa zake. Bidhaa hizo ni mbili, na kila moja imebeba bakteria wake. Anayemhusu mwenye pipa ni yule wa kwanza, Bacillus thuringiensis israelensis, ambaye wataalamu humkatizia jina wakamwita Bti.

Ukoo wake ulijulikana zamani. Mwaka 1901 Mjapani Ishiwata Shigetane alimkuta mmoja wao akiua viwavi wa hariri. Miaka kumi baadaye Mjerumani Ernst Berliner akamkuta mwingine ndani ya nondo wa unga katika jimbo la Thuringia, ndipo jina lilipotoka. Wote hao walikuwa na ugomvi na viwavi. Mwenye ugomvi na mbu alipatikana 1976 katika jangwa la Negev, Israeli, pale Joel Margalit na Leonard Goldberg walipokuta kidimbwi ambacho viluwiluwi wa mbu waliokufa wametanda juu yake kama utando wa maziwa yaliyopoa. Walichota matope, wakayapeleka maabara, wakamtenga muuaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa tayari anamwagwa katika mito ya Afrika Magharibi dhidi ya inzi weusi wanaoeneza upofu wa mtoni.

Kabla ya kuingia tumboni, kuna neno la kusuluhishwa. Magazeti ya Tanzania yaliandika kwamba Kibaha hutengeneza viuadudu. Neno hilo limeundwa vyema, kwa kanuni ile ile iliyotupa kiuagugu na kiuavijasumu, ila lina upana wa kupita kiasi: dudu ni nyuki, dudu ni kipepeo, dudu ni siafu, na Bti hana habari nao. Serikali nayo hupenda viuatilifu hai, msemo unaomlazimu msomaji asimame na kujiuliza kipi hasa kiko hai. Ukifuata kanuni kwa uaminifu utapata kiuaviluwiluwi, lenye silabi nane, ambalo mtangazaji wa redio hatalimaliza kabla ya muziki kuingia. Tena lina dosari ya pili. Kiluwiluwi katika kamusi zetu ni mtoto wa mbu na pia ni mtoto wa chura, na mtoto wa chura huogelea katika maji ya Bti bila kudhurika. Mwandishi wa makala hii amejaribu kiualuwi, silabi tano, na hadi sasa hajapata mtu wa kumuunga mkono. Neno lisilohitaji kusuluhishwa ni fuwele, yaani kristali. Watunga istilahi walilipata wakaliacha lilivyo: fupi, lenye kung'aa, na ndilo litakalotufaa kuanzia sasa.

Bti akipungukiwa na chakula hujifunga. Hutengeneza spora, yaani mbegu ngumu ya kungojea siku njema, na kando ya spora hiyo, ndani ya seli ile ile, hujenga fuwele ya protini. Upana wake ni karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Seli ikipasuka, spora na fuwele hubaki zikielea. Fuwele ndiyo inayoua. Spora, kwa kazi ya pipa, ni abiria tu. Lakini fuwele hiyo, ukiishika hivyo ilivyo, bado si sumu. Ni kitu kilichofungwa.

Mkazi wa Changamwe haelezwi kontena ni nini. Analiona likishushwa bandarini Kilindini, likipanda lori, likipita mlangoni kwake likitikisa madirisha, na hajui lina nini. Kontena lililofungwa kwa lakiri halina faida wala madhara kwa mtu anayelitazama. Linaweza kuwa na mchele, linaweza kuwa na mitambo. Ili kilichomo kifanye kazi sharti lifike yadi inayofaa, lakiri ikatwe, vifungashio vitolewe, mzigo upelekwe kwenye anwani yake, na kama ni mtambo uliokuja vipande vipande, mafundi waje wauunge. Hatua moja ikikosekana, mzigo unalala bandarini. Fuwele ya Bti ni kontena la namna hiyo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba yadi, mkataji wa lakiri, mtoa vifungashio na mwenye anwani wote ni kiluwiluwi mwenyewe. Bti ameleta mzigo tu.

Kiluwiluwi hula bila kuchagua. Mdomoni ana mashada mawili ya nywele yanayopiga maji mfululizo kama fagio za chelewa, yakivuta kila chembe inayopita: mwani, vumbi, bakteria, makombo. Fuwele ikipita, inavutwa nayo. Inashuka hadi tumbo la kati, na hapo inakutana na kitu ambacho haijakutana nacho popote: magadi.

Tumbo la kiluwiluwi ni magadi matupu. Kipimo cha pH humo hufika 10 na zaidi, kama maji aliyotia mpishi magadi ili maharagwe yalainike upesi. Ndani ya maji kama hayo vifungo vinavyoshika protini za fuwele huachia, na fuwele huyeyuka. Lakiri imekatwa. Tumbo la binadamu ni kinyume chake: lenyewe ni ndimu, pH yake ni kama 2, na fuwele ikiangukia humo haiyeyuki kwa utaratibu huo bali humeng'enywa vipande kama protini ya samaki wa jana. Samaki, kuku, mbuzi, mtoto wa chura: kila mmoja ana tumbo lake, na si la magadi.

Fuwele iliyoyeyuka bado haijawa sumu. Protini zilizotoka ni ndefu mno, zimekuja na vifungashio. Sasa vimeng'enya vya kiluwiluwi, vile vile anavyotumia kukata chakula chake, vinazikata ncha zake na kubakisha kiini. Mkataji anadhani anamwandalia bwana wake mlo, kumbe anapasua kreti ya mtambo.

Hatua ya tatu ni anwani. Juu ya seli zinazotanda ukuta wa tumbo kuna molekuli zilizojitokeza kama vitasa vya milango. Zipo kwa kazi zake nyingine za kila siku. Viini vya protini hujibandika kwenye vitasa hivyo, na ukuta usio na vitasa vya umbo hilo, kama wa utumbo wetu, hupitwa bila hodi. Vikishajibandika, viini hukutana, hushikana kwa duara, na duara hilo huzama ndani ya utando wa seli likawa tundu. Mtambo umeungwa. Maji na chumvi huingia, seli huvimba, hupasuka, na jirani yake naye hupasuka. Kiluwiluwi huacha kula katika muda mfupi. Ukuta wa tumbo umetoboka, magadi yanavujia katika damu yake, na kabla ya siku kwisha amekufa.

Kufikia hapa msomaji mwerevu atauliza: mbu si mjinga, kwa nini asibadilishe vitasa? DDT alishaizoea, dawa za vyandarua anazizoea. Je, si suala la wakati tu?

Fuwele ya Bti haina protini moja. Ina ndugu wanne wakuu, nao wana majina ya maabara: Cry4Aa, Cry4Ba, Cry11Aa na Cyt1Aa. Watatu wa kwanza ni wa vitasa, kila mmoja na upendeleo wake. Wa nne, mdogo kuliko wote, hana kitasa anachokitafuta. Hujichomeka moja kwa moja kwenye mafuta ya utando wa seli. Akiwa peke yake ni dhaifu, na kwa miaka mingi watafiti walijiuliza yumo ndani ya fuwele kwa kazi gani. Jibu lilichapishwa 2005 na kikundi cha Alejandra Bravo na Mario Soberón wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Mexico. Cyt1Aa akishajichomeka, sehemu yake inayobaki nje hufanya kazi ya kitasa, na Cry11Aa hukishika. Kwa maneno ya Changamwe, mzigo umefika na mlango wake mwenyewe. Mwenye nyumba amebadilisha namba, ameng'oa kitasa, ameziba. Mgeni anafungua kisanduku, anatoa mlango, anaupigilia ukutani, kisha ndugu yake anabisha hodi hapo.

Matokeo ya ujanja huo yalikuwa yamekwisha pimwa. George Georghiou na Margaret Wirth wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walichapisha 1997 jaribio la subira kubwa. Walifuga Culex quinquefasciatus, mbu wa vyoo vya shimo kama vile vya Kisauni, kwa vizazi 28, kila kundi likilishwa protini zake. Kundi lililopewa Cry11Aa peke yake lilifikia kiwango cha usugu cha zaidi ya mara 900. Lililopewa ndugu wote wanne lilifika mara 3 na kidogo, likakwama hapo. Ndiyo sababu mabonde ya mto Rhine huko Ujerumani, yaliyomwagiwa Bti tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, yanaendelea kumwagiwa Bti yule yule.

Bidhaa ya pili ya Kibaha ina bakteria wa aina nyingine, Lysinibacillus sphaericus, wa mbegu namba 2362 iliyotolewa kwa inzi mweusi wa Nigeria. Huyu ni wa majitaka. Bti akitiwa ndani ya choo cha shimo huzama na kumezwa na uchafu katika siku chache. Sphaericus huvumilia, na hata huzaliana ndani ya mizoga ya viluwiluwi aliowaua, hivyo kazi yake hudumu. Kisauni, ambako visima vifupi na vyoo vya shimo vimebanana, ndiko mahali pake, kwa sababu Culex wa vyoo ndiye huyo anayewanyima watu usingizi usiku na kueneza minyoo ya matende Pwani. Ila sphaericus ana ufunguo mmoja tu, protini mbili zinazofanya kazi kama kitu kimoja, na Culex wa Ufaransa, Brazil na India walishajifunza kubadilisha kitasa. Aedes aegypti, mbu wa pipa, hamjali tangu awali. Kwa hiyo atakayenunua chupa ya sphaericus akaitia ndani ya pipa la Mtongwe amepoteza fedha zake, na mwenye choo Kisauni akitumia Bti peke yake atarudi dukani kila wiki.

Matairi ya Changamwe, yale yaliyorundikwa kando ya gereji za malori na kunywa mvua, yanahitaji Bti kama mapipa. Au msumari wa moto wa kuyatoboa, ambao ni rahisi zaidi.

Je, kazi hii imewahi kufanywa kwa ukubwa katika miji yetu? Imefanywa Dar es Salaam. Mpango wa mji huo wa kudhibiti malaria ulianzishwa 2004, na kuanzia 2006 wakazi walioajiriwa katika mitaa yao walipita kila wiki wakitafuta madimbwi na kuyatia bakteria, kwanza katika kata 3, kisha 9 kati ya 15. Uchambuzi uliochapishwa 2013 ulikadiria kwamba uwezekano wa mtu kukutwa na malaria ulipungua kwa asilimia 21. Huko Mbita, ufuoni mwa Ziwa Victoria, Ulrike Fillinger na wenzake walishapunguza viluwiluwi wa Anopheles, mbu wa malaria, kwa zaidi ya asilimia 90, lakini hapo palikuwa kijijini, madimbwi yakihesabika. Namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja, moja ugonjwa na nyingine viluwiluwi, ila ugumu wa mji ni wa miguu zaidi kuliko wa bakteria: katika mji kuna nyua zilizofungwa, mashimo ya ujenzi, na mwenye nyumba aliyekwenda kazini. Anopheles naye hula akiwa amelala juu ya uso wa maji, ilhali fuwele huzama, kwa hiyo dawa yake hutengenezwa kwa punje zinazoelea.

Kuna njia nyingine ya bakteria ambayo hutajwa kwa pumzi moja na hii, nayo si ya kuua. Ni ya kumtia Aedes bakteria aitwaye Wolbachia, anayeishi ndani ya seli zake na kuvizuia virusi vya dengi visiongezeke. Jaribio la Yogyakarta, Indonesia, lililochapishwa 2021, lilipunguza dengi kwa asilimia 77. Hiyo inastahili makala yake, na itaipata.

Turudi uani Mtongwe. Shirika la Afya Duniani limeruhusu bidhaa za Bti zilizokaguliwa zitiwe katika vyombo vya maji ya kunywa, kwa vipimo vidogo vya miligramu chache kwa lita. Ikiwa dawa yake ni miongoni mwa hizo, mwulizaji anaweza kunywa. Akitia leo asubuhi, kesho atakuta viluwiluwi wamelegea au wamelala chini ya pipa. Pamoja nao huenda akaona vingine vya umbo la koma, vikipinduka na kuzama akigonga pipa, vizima kabisa, na keshokutwa baadhi vitaruka vikiwa mbu. Asiseme ameuziwa dawa bandia. Hao ni pupa, na pupa hali chochote. Walikuwa wamekwisha funga mdomo kabla fuwele haijafika. Na ukutani mwa pipa, juu kidogo ya mstari wa maji, kuna mayai meusi ya Aedes yanayoweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja pipa lijae tena. Kwa hayo, kabla ya zamu ijayo ya maji, atahitaji brashi.